Mdomo wa kobe haukatwi kwa haraka



  Kwa kawaida hapa naandika mambo ya masomo: kusoma nyumbani jioni, kuja darasani mapema, kutunza madaftari. Mwezi huu naomba mnivumilie niandike juu ya kobe. Msicheke bado. Habari hii imeshatembea kambini kwa namna nyingi. Wengine wanasema tulimng'oa kobe meno, wengine wanasema ilikuwa dawa ya kienyeji. Basi heri niieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu anayefuga kuku au sungura naye atapata la kujifunza, na mwenye mtoto pia.

Kwanza kabisa, kobe hana meno hata moja. Anachotumia kukatia chakula ni mdomo mgumu, kama wa kasuku au wa kuku. Ule ugumu umetengenezwa na kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu, kwato za ng'ombe na pembe za mbuzi. Wataalamu wanakiita keratini. Chini ya ugumu huo kuna mfupa wa taya, na hapo katikati kuna nyama hai, yenye damu na yenye kusikia maumivu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotuzuia kufanya jambo baya.

Mdomo huo unakua maisha yote ya kobe, kama kucha zinavyokua. Porini haumletei shida. Kobe anauma majani magumu, anakwaruza udongo, anavunja gamba la konokono, anagonga jiwe akitafuta chakula, na kila siku mdomo unalika kidogo. Unaokua na unaolika vinalingana. Mdomo wa juu unafunika ule wa chini kidogo tu, kama mfuniko unavyokaa juu ya sufuria. Lakini kobe akifugwa nyumbani na kupewa vyakula laini, kulika kunakoma na kukua kunaendelea. Hapo mdomo wa juu unashuka chini, unapinda kama wa mwewe, mpaka mwisho hawezi kuuma kitu.

Hayo ndiyo yaliyompata kobe wa mwanafunzi wangu mmoja.

Familia yake ilitoka upande wa Walikale. Walitembea mpaka Masisi, wakakaa muda pembeni ya Goma, na vita vilipoingia Goma mwezi Januari 2025 wakavuka mpaka kuja huku Rwanda. Mnajua wenyewe mtu anavyobeba vitu siku kama ile. Godoro linabaki, mbuzi wanabaki, hata viatu vinabaki. Babu yao alikuja na sufuria iliyofunikwa kwa kitenge, na ndani ya sufuria mlikuwa na kobe. Alimnunua kwa wawindaji miaka kadhaa kabla ya hapo, siku walipokuwa wanataka kumpika, kwa sababu mjukuu wake alikuwa analia. Msichana huyo sasa ana miaka 10. Kobe anamwita Koko, jina ambalo kwao mtoto anamwita babu au bibi.

Siku moja baada ya masomo msichana alibaki nyuma. Si mtoto wa kusema sana. Alisimama pale mlangoni, akasema, "Mwalimu, ile kobe yetu haikule tena. Iko inajaribu, inashindwa."

Nilienda kuona. Kobe alikuwa ndani ya boksi la katoni, kwenye kona ya giza, karibu na jiko. Mdomo wa juu ulikuwa umeteremka ukapita ule wa chini kwa urefu wa punje ya mahindi, tena umepinda upande mmoja. Mama wa mtoto aliweka kipande cha ndizi mbele yake. Kobe alinyoosha shingo, akafungua, akauma. Ncha ya mdomo iligonga chini, ndizi ikasogea, yeye hakupata kitu. Akauma tena. Ndizi ikasogea tena. Tulimtazama akifanya hivyo mara saba au nane, halafu akarudisha kichwa ndani na kutulia.

Ndugu zangu, mnyama huyu hana sauti ya kulilia. Mbuzi akiwa na njaa mtaa mzima unajua. Kuku anakufuata mguuni. Kobe ananyamaza, na kwa kuwa kila siku amezoea kunyamaza, hakuna anayeona tofauti. Anaweza kukaa bila kula wiki nyingi, gamba linabaki vilevile kwa nje, huku ndani anakwisha. Ndiyo sababu msichana peke yake ndiye aliyegundua. Wakubwa walidhani Koko amelala tu.

Nikauliza anakula nini. Jibu lilikuwa kile wanachokula wao: ugali, wali ukiwepo, maharage yaliyochemshwa, na uji uliobaki asubuhi. Walimpa kwa upendo, tena walijinyima ili apate. Lakini vyote hivyo ni laini na havina kazi yoyote kwa mdomo. Tena havina ile madini ya chokaa ambayo mfupa na gamba vinahitaji, ile inayoitwa kalisiamu. Na kwa kuwa waliogopa ataibiwa, hakutolewa nje kwenye mwanga. Jua ndilo linaloufanya mwili utengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo kalisiamu haiingii kwenye mifupa. Kobe asiyepata mambo hayo mawili anaweza kulainika taya na gamba, na taya ikipinda mdomo nao unapinda. Mnaona, ni kama mambo tunayofundishwa na wahudumu wa afya juu ya watoto wenye matege. Mwili ni mwili.

Jirani mmoja, mtu mwema na mwenye mikono ya kazi, alikuwa tayari ameleta koleo. Alisema, "Tukate tu hii ncha, dakika moja tumemaliza." Kwa macho ilionekana kweli ni kazi ya dakika moja. Lakini koleo haikati, inabana na kuvunja. Keratini ikibanwa hivyo hupasuka kwa urefu, kama kucha inavyopasuka mpaka kwenye nyama, na ufa ukipanda juu unafika kwenye sehemu hai na kwenye mfupa. Hapo kobe anatoka damu, anapata uchafu ndani ya kidonda, na kwa maumivu hatakula hata kama mdomo umekuwa mfupi. Mzee akasema, "Tungoje." Jirani akarudisha koleo mfukoni, na namshukuru kwa kukubali.

Tulimtafuta daktari wa mifugo, yule ambaye hapa wote tunamwita veterineri. Alisema wazi kwamba kazi yake ni ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, na kobe hajawahi kuletewa. Lakini aliposhika ule mdomo akasema, "Hii ni kwato." Anajua kupunguza kwato. Alimkagua kobe kwanza. Alibonyeza gamba kwa kidole gumba kuona kama limelainika, likawa gumu bado, tukafurahi. Aliangalia macho kama yamevimba, pua kama inatoa majimaji, na ndani ya mdomo kama kuna vidonda au utando mweupe. Alisema kama angekuta dalili hizo asingegusa mdomo siku ile, angeshughulikia ugonjwa kwanza.

Tupa yake ya kwato ilikuwa na meno makubwa mno. Hapo ndipo mahali petu palitusaidia. Mnajua Nyundo ni pa watu wa kuchonga. Shule ya sanaa ilianzishwa hapa mwaka 1952, na mafundi wa mbao hawajakosekana tangu hapo. Kijana mmoja fundi alituazima tupa ndogo nyembamba ya kumalizia kazi, na kipande cha msasa laini. Tuliiosha tupa kwa sabuni, tukaimwagia maji ya moto, tukaikausha. Fundi akatuonya kitu ambacho veterineri pia alikubali: usisukume tupa kuelekea juu dhidi ya mdomo, kwa sababu unaweza kuinua tabaka. Pitisha taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukifuata umbo lilivyo.

Shida ya kwanza haikuwa mdomo, ilikuwa kichwa. Koko ni wa aina ya kobe ambao gamba lao lina bawaba nyuma. Akiogopa, sehemu ya nyuma ya gamba inajikunja chini na kufunga miguu na mkia kama mlango. Aina hii inaishi Afrika na Madagaska tu, na wale wa misitu ya Kongo ni waoga sana. Huwezi kumvuta kichwa, na ukijaribu unaweza kumwumiza shingo. Veterineri alimweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu yasiyozidi kidevu chake, akamwacha kama robo saa. Kobe alikunywa, akatulia, akatoa kichwa mwenyewe. Hapo veterineri akaweka vidole viwili nyuma ya mataya, polepole, bila kukaba koo, na msichana akashika gamba kwa mikono miwili.

Tupa ilipita mara kumi, wakapumzika. Mara kumi tena, wakapumzika. Unga mweupe mdogo ulianguka kwenye kitambaa. Kila baada ya muda mfupi veterineri alipangusa mdomo kwa maji na kuutazama kwenye mwanga. Alitueleza: sehemu iliyokufa haina rangi ya damu, ukianza kuona waridi kwa ndani, au kobe akirudi nyuma ghafla, acha hapohapo. Alipunguza labda theluthi moja tu ya kilichozidi, akasema, "Inatosha kwa leo."

Mama wa mtoto aliuliza, "Muganga, kwa nini usimalize?" Akajibu kwamba mdomo huo ulichukua miaka kuzidi. Ukiukata wote siku moja, taya iliyozoea kufunga vibaya haitajua kufunga vizuri, na nyama hai iliyofuata ncha kwenda mbele inahitaji muda wa kurudi nyuma. Alirudi baada ya wiki mbili, na tena baada ya wiki mbili nyingine. Mara tatu kwa jumla. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mimi nimeona maana yake kwenye mdomo wa kobe.

Lakini tupa si dawa yenyewe. Veterineri alitusisitizia hilo kuliko yote. Ukipiga tupa halafu ukaendelea na uji, baada ya miezi utaitafuta tupa tena. Dawa ni chakula, jiwe, mwanga na maji. Nitaeleza moja moja.

Chakula kwanza. Kobe si wote wanakula sawa. Wale wa mbuga za Tanzania na Kenya wenye gamba la madoa kama ya chui wanakula hasa nyasi na majani. Huyu wa msituni anapenda uyoga, matunda yaliyoanguka chini, konokono na jongoo. Basi tulianza kumpa vitu vya kuuma: majani mabichi ya viazi vitamu na ya maboga, uyoga ule ambao sisi wenyewe tunaufahamu na kuula, pera zima badala ya vipande, na konokono wadogo pamoja na gamba lao, kwa sababu gamba lile ni kalisiamu tupu. Konokono hatuwaokoti kwenye mashamba ya viazi mviringo yaliyopigwa dawa, kwa sababu sumu itahamia kwa kobe. Majani mabichi ya mihogo, yaani sombe, hapewi, kwa kuwa yakiwa mabichi yana sumu. Lengalenga anapewa mara chache tu, kwa sababu inazuia kalisiamu kuingia mwilini. Ugali, wali, maharage, mkate, biskuti na maziwa vimekwisha kabisa kwake.

Watu wa pwani wana bahati. Baharini kuna mnyama wa jamii ya ngisi ambaye ana kitu cheupe chepesi ndani ya mwili kama mfupa, na mawimbi yanakitupa ufukweni. Wafugaji wa kobe na wa kasuku wanakiweka ndani ya banda, mnyama anakitafuna, anapata kalisiamu na mdomo unalika. Sisi hapa hatuna bahari. Tulichukua maganda ya mayai, tukayachemsha, tukayakausha, tukayasaga, tukanyunyiza kidogo juu ya majani. Inafanya kazi ya kalisiamu, ila haifanyi kazi ya kunoa.

Kwa kunoa tuna kitu ambacho watu wa pwani hawana. Wilaya ya Rubavu ina mawe mengi ya volkano. Yamejengewa nyumba, yamejengewa ua, watoto wanayakalia. Msichana alitafuta moja bapa, lililochakaa kidogo lisiwe na ncha za kukata, akaliosha. Sasa chakula cha Koko kinawekwa juu ya jiwe hilo, si kwenye sahani. Kila akiuma, mdomo unagusa jiwe. Babu yake alilitazama siku moja akasema, "Nyiragongo ilitufukuza mara mbili pale Goma, 2002 na 2021. Leo walau imetufanyia kazi." Watu waliokuwepo walicheka mpaka machozi, na nadhani machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Mwanga: sasa anatolewa nje asubuhi, sehemu yenye jua na kivuli pamoja ili achague mwenyewe, na msichana akiwa karibu. Kobe wa msituni hapendi jua kali la saa sita, na pia hapendi baridi ya hapa Nyundo mvua inaponyesha. Usiku boksi lake linawekwa majani makavu na kitambaa, mbali na moshi. Maji: mara mbili kwa wiki anaogeshwa kwenye maji ya vuguvugu, hapo ndipo anapokunywa sana.

Na sasa jambo la afya yetu sisi watu, naomba kila mama asome mara mbili. Kobe anaweza kuwa na vijidudu vinavyoitwa salmonela tumboni bila yeye kuugua. Kwa mtu vinaleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na kwa mtoto mdogo vinaweza kuwa hatari sana. Kule Marekani serikali ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kuugua. Hivyo: ukimgusa kobe, nawa mikono kwa sabuni. Beseni lake lisiwe lile la kuoshea vyombo wala la kumwogeshea mtoto. Mtoto chini ya miaka 5 asimshike. Na hakuna kumbusu, hata kama mnampenda.

Najua kuna waliokasirika. Mama mmoja aliniambia usoni, "Mwalimu, watu hapa wanakosa chakula, ninyi mnamtafutia kobe uyoga!" Simlaumu, maneno yake yana ukweli, na njaa si mchezo. Ila chakula cha Koko hakikutoka kwenye mgao wa mtu. Tena kilichotolewa kwenye sahani yake, yaani ule ugali na maharage, sasa kinabaki kwa watoto. Mapera yalitoka kwa mama mmoja mwenyeji wa hapa, ambaye nyumba yake ilibebwa na mto Sebeya katika mafuriko yale ya Mei 2023 yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Msichana alipomweleza ni ya nini, alimwambia, "Chukua, mwanangu. Mimi pia najua kubaki na kitu kimoja."

Tena nilimweleza yule mama aliyekasirika kitu nilichokiona darasani. Msichana alianza kuandika daftari la kobe. Kila Jumamosi anampima kwenye mizani ya muuza nyanya, anaandika gramu, anatoa za wiki iliyopita. Wiki ya kwanza kobe alikuwa gramu 870. Wiki ya tatu 865, akahuzunika. Wiki ya sita 910. Mtoto ambaye kutoa kwa kukopa kulikuwa kunamshinda sasa anawafundisha wenzake. Na anasema. Kwa sauti ndogo bado, lakini anasema.

Wala hatuko wa kwanza kuhangaikia kobe. Kwenye kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, kuna kobe wakubwa ambao wa kwanza walikuwa wanne, zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana wakawa wengi, halafu wezi wakawaiba na kuwauza, mpaka kufika 1996 inasemekana walibaki 7 tu. Ikabidi wajengewe ua na kulindwa, na leo wageni wanakwenda kuwalisha majani.

Na kule Mombasa, wengi mlisikia habari ya mtoto wa kiboko aliyeitwa Owen. Mwezi Desemba 2004, lile wimbi kubwa la tsunami lilipofika, alikutwa peke yake baharini karibu na Malindi, bila mama yake. Walimpeleka Haller Park, Mombasa, akamkimbilia kobe mmoja mkubwa sana mwenye umri unaokisiwa kuwa miaka 130, ambaye jina lake ni Mzee. Mzee mwanzoni hakumtaka, alimkimbia. Kiboko akamfuata. Baada ya siku chache walikuwa wanalala pamoja, na mtoto akajifunza kula kwa kumtazama Mzee anavyokula. Dunia nzima ilishangaa. Lakini watu husimulia sehemu ile tu, wanaacha ya mwisho: mwaka 2007 Owen alitenganishwa na Mzee akaenda kukaa na kiboko mwenzake, kwa sababu alikuwa amekua, uzito wake ungeweza kumwumiza mzee wake, na kiboko lazima ajue kuwa kiboko.

Nawaeleza hayo kwa sababu na sisi tumefika hapo. Kobe wote wa nchi kavu wako kwenye orodha za mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES, uliosainiwa 1973, na kuwavusha mpaka bila kibali hairuhusiwi. Hapa Rwanda nako wanyama pori wanalindwa na sheria. Familia haikujua, siku ile walikuwa wanakimbia risasi, hawakuwa wanafanya biashara. Veterineri alituambia bila vitisho kwamba njia nzuri ni kuwajulisha wenyewe wanaohusika, yaani RDB, ili Koko apate mahali panapofaa, penye joto na unyevu kama msituni. Mzee alikubali. Mama alikubali. Tulichokiogopa ni mtoto.

Hatukumficha. Babu yake alimweka chini, mimi nikiwepo, akamweleza kwamba walimwokoa Koko kwenye sufuria ya wawindaji, wakamvusha kwenye sufuria yao, na sasa wamemponyesha mdomo. Lakini baridi ya huku si ya kwao, na boksi si msitu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Wale watakaomchukua wanajua kwamba anakula juu ya jiwe?"

Jibu la RDB bado tunalisubiri. Kwa wengine wenye kobe nasema haya kwa kifupi. Tazama mdomo wake kila mwezi. Akiuma na kukosa, au ukiona ncha imepita ule wa chini, usichukue koleo, mkasi wala wembe, mwite veterineri. Mpe vitu vya kuuma, mpe jiwe, mpe mwanga, nawa mikono. Na msimnunue wala kumwokota mwingine porini, hata akionekana mzuri namna gani, kwa sababu kila anayenunuliwa anamtuma mwindaji arudi msituni.

Kwa wenye watoto wasiosema sana, sina maneno mengi. Waangalieni wanapokula.

Msichana kwa sasa anamalizia daftari lake. Amepanga kwamba litakwenda pamoja na Koko, na ameomba nimsaidie tahajia tu, maneno ni yake. Ukurasa wa mwisho ameandika chakula cha kila siku, siku za kuoga, na uzito wa Jumamosi iliyopita: gramu 940. Chini yake amechora jiwe, na kuandika kwamba nalo litakwenda, liko karibu na mlango, limeshaoshwa.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea, Nyundo